Je, Wajua? Mbao Iliyopikwa

Je, wajua kwamba mbao nyeupe ya msonobari inaweza kugeuka kahawia bila kuguswa na brashi? Nchini Finland, tangu miaka ya 1990, viwanda huipika kwenye tanuri lililojaa mvuke. Mvuke huo hufukuza hewa, la sivyo mbao ingewaka. Daraja la S hupikwa kwa nyuzijoto 190 hivi, la D kwa 212, na hilo la pili ndilo lililokoza. Ikate katikati: rangi ni ileile hadi ndani.

Je, wajua kinachovunjika kwanza ni nini? Hemiselulosi, sehemu ya mti iliyo dhaifu mbele ya joto na inayopenda maji kuliko zote. Ikivunjika hutoa asidi ya asetiki, ileile ya kwenye siki. Baada ya hapo mbao haina kiu kama zamani: unyevu inaoshika hupungua kwa karibu nusu, na mlango uliotengenezwa nayo hauvimbi ovyo masika ukagoma kufunga.

Je, wajua kwamba nguvu ndiyo inayolipia hayo yote? Kadiri joto linavyopanda, mbao huwa kavu-kavu na huvunjika ghafla. Seremala asiyetoboa kwanza kabla ya kukaza skrubu karibu na ncha ataona ufa ukikimbia mbele yake. Kenchi za paa? Hapana.

Je, wajua kwamba kuvu huisusa, lakini mchwa hawajali? Wauzaji hulipita jambo hili haraka. Kwetu si dogo.

Jua nalo huishinda: ikiachwa nje bila mafuta ya kinga, ule ukahawia huishia kijivu.

Je, wajua kwamba Wajapani huunguza uso tu wa mbao za mseda wao, sugi, na kuzipiga ukutani zikiwa nyeusi tii? Mbao hizo huziita yakisugi.

Je, wajua kwamba joto pia hulainisha? Mti mbichi ukipigwa mvuke wa karibu nyuzijoto 100, lignini, gundi yake ya asili, hulegea. Mwaka 1859 Michael Thonet wa Vienna alitoa kiti Namba 14 kwa fito za mti wa beech zilizopindwa hivyo, kisha zikakaushwa ndani ya kalibu za chuma. Kina vipande 6 vya mbao na skrubu 10, na viti 36 vilivyofunguliwa vilienea kwenye sanduku la mita moja ya ujazo.