Sashe ya plastiki tuiache, migomba tunayo



Hapa Kindu mvua inapungua Juni mpaka Agosti. Ndio wakati wa kutunza pepinieri, ili miche ya akasia iwe tayari mvua ikirudi Septemba. Wengi wetu tunajaza sashe nyeusi za plastiki. Siku ya kupanda, sashe inapasuliwa na kutupwa palepale shambani. Plastiki haiozi: inakatika vipande vidogo, mbuzi wanaimeza, mvua inaipeleka mitoni mpaka Lualaba. Tukiichoma, moshi wake ni sumu. Tena mtu akisahau kuitoa, mizizi inajizungusha ndani na mti unadumaa.

Amri ya serikali ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza sashe za plastiki za kuuzia chakula na maji. Sisi wapanda miti tusibaki nyuma.

Namna ya kufanya ni hii. Chukua magamba makavu ya mgomba, kata vipande viwili vyenye upana wa kiganja. Vipitanishe kama msalaba, kunja juu, funga kwa kamba ya mgomba. Urefu wa sentimita 15 unatosha. Jaza udongo mweusi wa porini uliochanganywa na mchanga kidogo na mbolea iliyooza vizuri. Siku ya kupanda, fukia mche pamoja na gamba lake. Gamba linaoza, mizizi inapita, hakuna takataka inayobaki.

Lakini tuseme ukweli: gamba linashika miezi michache tu. Kwa hiyo panda mbegu za akasia mwisho wa Mei ao mwanzo wa Juni, si mbele. Shamba litayarishwe mapema, juu mche hautangoja. Ukiubeba, shika chini, usivute ukingo. Miti inayokomaa polepole utaihamisha katika gamba jipya kabla la kwanza halijapasuka.

Na dawa ya wadudu? Kwa pepinieri ndogo, anza kwa mkono: toa viwavi asubuhi, ng'oa mche wenye ugonjwa. Kama dawa imetumika, chupa yake isiwekwe tena maji ao mafuta ya ngazi, hata ikioshwa mara kumi. Itobolewe, mtoto asiiokote.

Mwaka huu tujaribu miche 50 tu kwa magamba, karibu na ile ya sashe. Septemba tutahesabu pamoja ni ipi imeshika.