Methionini katika Sahani ya Nyalukemba

Protini hujengwa kwa asidi amino ishirini, na katika hizo tisa haziwezi kutengenezwa na mwili wa binadamu. Hizo tisa tumezoea kuziita "asidi amino muhimu", istilahi inayopotosha kidogo, kwani zile nyingine nazo mwili hauishi bila ya hizo. Linalokusudiwa ni kwamba hizi tisa hazina budi kuliwa. Makala haya yanahusu mojawapo, methionini, iliyogunduliwa na John Howard Mueller huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1920, na namna inavyopatikana, au inavyokosekana, katika chakula cha mtaa wa Nyalukemba, komini ya Ibanda, mjini Bukavu.

Asidi amino moja ikipungua, zile zilizobaki hazijengi kitu. Ni kama fundi aliyeishiwa misumari: mbao ziwe tele namna gani, paa haliezekwi. Kwa mujibu wa ripoti ya mashirika ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2007, mtu mzima huhitaji takriban miligramu 10 za methionini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 60, basi, ahitaji kama miligramu 600. Gramu 100 za maharage makavu humpatia nusu ya kiasi hicho. Yai moja, karibu theluthi.

Vitabu vya lishe vinavyosomwa Afrika ya Mashariki hufundisha kwamba mlo wa mahindi na maharage unatosheleza. Fundisho hilo ni sahihi: maharage yana lisini nyingi na methionini chache, mahindi kinyume chake, hata kande ya Tanzania na githeri ya Kenya huwa kila kimoja chafidia upungufu wa mwenzake. Walakini fundisho hili halihamishiki hivi hivi hadi Bukavu, ambako bugali aghalabu ni wa muhogo. Unga wa muhogo una protini kidogo mno, kama gramu 2 au pungufu katika gramu 100. Kitoweo kikiwa sombe, protini inaongezeka, lakini majani ya muhogo nayo yana upungufu wa methionini. Maharage, tumekwisha kuyaona. Vyakula vitatu vinakaa katika sahani moja, na vyote vitatu vinapungukiwa pale pale.

Tena muhogo haukosi tu, unachukua. Muhogo mchungu una sianidi, na mwili huiondoa kwa kuiunganisha na salfa na kuitoa katika mkojo. Salfa hiyo hutoka katika methionini na nduguye sisteini. Mwenye kula muhogo ambao haukulowekwa sawasawa hutumia akiba ambayo tangu hapo ni ndogo. Ukomo wa njia hii ni konzo, ugonjwa wa kupooza miguu wenye jina la Kiyaka, uliojulikana zamani katika sehemu za magharibi ya Kongo. Mwaka 2011 watafiti walichapisha taarifa ya kutokea kwake Kivu Kusini, katika nchi iliyochoshwa na vita; na mkimbizi hana siku tatu au nne za kungoja muhogo ulowane.

Watoto walioachishwa ziwa wakabaki na bugali hupatwa na ugonjwa ambao kimataifa huitwa kwashiorkor, na ambao Bushi huuita bwaki. Neno hilo lilikwisha kuingia hata katika jina la shirika la Bukavu, Comité Anti-Bwaki. Chanzo chake chote bado kinabishaniwa na wataalamu, ila upungufu wa asidi amino zenye salfa umeonekana kwa wagonjwa.

Kinachookoa sahani ya Nyalukemba kinatoka ziwani. Sambaza si wenyeji wa Kivu: waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika kati ya 1958 na 1960, katika ziwa lililokuwa na aina chache za samaki. Leo huvuliwa usiku, kwa taa, na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu. Zaidi ya nusu ya uzito wa sambaza mkavu ni protini, na protini ya samaki ina methionini takriban mara mbili ya ile ya maharage. Konzi moja juu ya sombe hurekebisha upungufu wa sahani nzima.

Asiyeweza kununua samaki hana budi kuchanganya unga wa mahindi na wa muhogo, au kutumia ufuta, ulio tajiri kwa methionini kuliko mbegu nyingi. Uji wa masoso, yaani mahindi, soya na mtama, hufaa pia. Soya peke yake ina upungufu ule ule wa maharage, ingawa wingi wa protini yake huufidia.

Usiku wa mbalamwezi taa hazivuti samaki, na sambaza wabichi huadimika. Waliokaushwa juani hukaa, na wakisagwa, kijiko cha unga wao huingia katika uji wa mtoto bila ya yeye kuona miiba.