Hatari Nayo Ina Kazi Yake

Waulize wanafunzi wa kidato cha tatu wanataka kuwa nani na jibu utalijua kabla hujamaliza kuuliza: daktari, rubani, wakili, na wale wanaokaa nyuma ya darasa watakuambia mwanamuziki. Sijasikia hata mmoja akisema, "Mimi nataka kazi ya kupima hatari." Hata mimi nisingesema, lau si moto wa Toi.

Kwa wasiolijua, Toi ni soko la mitumba lililo ukingoni mwa Kibera, upande wa Makina. Liliteketezwa Januari 2008 wakati wa ghasia za uchaguzi, likajengwa tena, na Oktoba 2024 likashika moto usiku na watu wakapoteza maisha. Mama yangu huuza nguo za watoto pale. Tulipofika alfajiri tulikuta mabati yaliyokunjamana na jivu mpaka vifundoni. Mama hakulia. Alisema tu, "Tuko na chama."

Chama chenyewe kilikuwa na wanachama ishirini na wanne, wote wa Toi. Kila wiki walichanga, na sehemu kidogo ya mchango iliwekwa kando kwa ajili ya msiba na ajali. Siku hiyo akiba ya ajali ilikuwa na shilingi 38,000. Si haba, ama? Lakini vibanda vilivyoungua vilikuwa vya wanachama kumi na saba. Gawa mwenyewe: kila mmoja alipata shilingi 2,235. Pesa hizo hazinunui hata mabati ya paa, sembuse robota la nguo.

Nilikasirika sana. Nilidhani mweka hazina amekula. Nikachukua daftari la chama, kwa ruhusa ya Mama, nikampelekea mwalimu wetu wa hesabu wakati wa chakula cha mchana. Alilikagua ukurasa kwa ukurasa, akasema hakuna senti iliyopotea.

"Sasa tulikosea wapi, Mwalimu?" nikamuuliza.

"Nyote mko chini ya moto mmoja," akanijibu.

Alinionyesha kwa chaki. Chukua wanachama wale wale ishirini na wanne na akiba ile ile, ila sita wawe Toi, sita Kawangware, sita Gikomba na sita Kangemi. Moto wa Toi ukija, utawaunguza wanne hivi. Gawa 38,000 kwa wanne, kila mmoja apate 9,500. Hakuna aliyeongeza hata ndururu! Kilichobadilika ni kutawanyika tu. (Ndiyo, Gikomba nayo huungua kila mara, lakini ni nadra iungue usiku mmoja na Toi.)

Hapo ndipo nilipojua kwamba kuna watu wanaolipwa mshahara kwa kufikiri namna hii. Kazi yao huitwa usimamizi wa hatari. Hukaa katika makampuni ya bima, mabenki, hospitali, hata viwanja vya ndege. Huuliza ni jambo gani baya linaloweza kutokea, hutokea mara ngapi, na likitokea litagharimu pesa ngapi. Kisha huchagua: tuiepuke hatari hii, tuipunguze, tuibebe wenyewe, au tumlipe mwingine aibebe? Ndoo ya mchanga kando ya jiko la mafuta taa ni kupunguza. Akiba ya chama ni kubeba wenyewe. Bima ni kumlipa mwingine.

Na huyo mwingine naye huogopa moto mmoja, kama sisi. Kampuni ya bima iliyoandikisha mtaa mzima inaweza kufilisika kwa usiku mmoja, kwa hivyo nayo hujikatia bima kwa kampuni nyingine. Ndiyo kazi ya Kenya Re, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1970. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu. Kumbe hata wakubwa wana chama chao!

Mfano ulionipendeza zaidi haukutoka mjini. Ukitoka Kawangware ukishika barabara ya Naivasha kuelekea Uthiru, utafika katika taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI. Wataalamu wa pale walishiriki kuanzisha bima ya mifugo Marsabit mwaka 2010. Shida ilikuwa hii: nani atatembea jangwani kuhesabu ng'ombe waliokufa, na atajuaje kama mtu anadanganya? Wakaamua kutohesabu ng'ombe. Setilaiti hupima jinsi malisho yalivyo ya kijani, na yakikauka kupita kiwango kilichowekwa, wafugaji hulipwa. Malipo ya kwanza yalitolewa mwaka 2011. Mtu aliyewaza hivyo alistahili kupandishwa cheo siku hiyo hiyo, kwa maoni yangu.

Tukija kwa ngazi ya kazi yenyewe, haianzii juu. Mlango wa chini kabisa ni uwakala wa bima. Wakala lazima awe na cheti ambacho watu wa bima hukiita COP, nacho husomewa kwa muda mfupi. Chuo cha Bima kilichoko South C ni mojawapo ya mahali pa kukisomea. Baada ya hapo kuna diploma. Wenye alama nzuri za hesabu huweza kwenda Chuo Kikuu cha Nairobi au JKUAT kusomea hesabu za bima, lakini hata wakihitimu hawajamaliza. Kuna mitihani mingi ya kitaalamu, mingine husahihishwa Uingereza, na wengi huifanya mmoja mmoja kwa miaka huku wameajiriwa. Nilidhani KCSE ndiyo mtihani wa mwisho duniani!

Ofisini unaweza kuanza kama karani wa fidia, ukisoma barua za watu walioibiwa, walioungua, waliogongwa. Kazi hiyo wengi huidharau, ilhali hapo ndipo mtu anapojifunza jinsi hasara hutokea. Ukipanda, unakuwa mkadiriaji, yule anayeamua tutamkubali mteja huyu au la, na kwa bei gani. Juu zaidi yuko mkuu wa idara ya hatari, ambaye ripoti zake husomwa na bodi ya wakurugenzi. Katika mabenki, mwongozo wa Benki Kuu wa mwaka 2013 unataka wanaopima hatari wawe huru na wale wanaotafuta faida. Sababu yake naiona mimi hata kwa chama. Anayetaka kukopa hawezi kuwa ndiye anayeidhinisha mkopo.

Kwa hivyo vyeti pekee havimpandishi mtu. Mwenye kazi hii lazima aweze kumwambia mkubwa wake, mbele ya watu, kwamba mpango anaoupenda utawaletea hasara, na amwambie kwa maneno mepesi anayoyaelewa. Hebu fikiria ukimwambia hivyo mwenyekiti wa chama cha Mama. Ni kibarua.

Mwaka 2020 serikali ilitoa kanuni za bima ndogo kwa ajili ya watu wa kipato cha chini. Basi atahitajika mtu wa kupanga bei ya bima ya kibanda cha mabati. Atajuaje njia ambayo gari la zimamoto haliwezi kupita, au mahali ambapo nyaya za stima zimeunganishwa ovyo? Kitabuni hayamo. Mtoto wa Kibera anayajua akiwa darasa la tatu.

Nami nimeanza mahali nilipo. Shangazi yangu huuza mboga Kawangware, nikamwomba azungumze na wenzake. Wengine walikataa katakata, wakisema hawawezi kuweka pesa zao na watu wa Toi ambao kila mara wanaungua. Nikawaonyesha hesabu ya Mwalimu, nikawakumbusha kwamba mto wao nao hufurika. Mwezi wa nane tuliandikisha wanachama tisa. Daftari ninaliandika mimi.