Hodi Tatu za Julian Bond

Jumatatu, 10 Januari 1966, wawakilishi wateule wa jimbo la Georgia walikusanyika Atlanta kula kiapo. Karani akamtaka mmoja wao akae kando. Huyo alikuwa Julian Bond, mwenye miaka 25. Wenzake waliapa, yeye akabaki kitini. Kabla siku haijaisha walipiga kura juu yake: 184 walitaka azuiwe, 12 tu wakamtetea.

Kosa lake lilikuwa maneno, na maneno ndiyo yaliyokuwa kazi yake tangu ujana. Mwaka 1960, akiwa mwanafunzi wa chuo cha Morehouse, alikamatwa na polisi kwa kuongoza wenzake kuketi kwenye mkahawa wa ofisi za jiji la Atlanta, uliokataa kuwahudumia Weusi. Mwaka uliofuata aliacha masomo ili kufanya kazi katika SNCC, chama cha vijana waliopigania haki za Weusi kusini mwa Marekani. Huko alikuwa msemaji: mwenzao akipigwa au kutiwa ndani mashambani Mississippi, Bond ndiye aliyehakikisha magazeti yanapata habari. Oginga Odinga alipofika Atlanta Desemba 1963, vijana hao walikwenda kumsalimu hotelini, kisha wakatiwa mbaroni kwa kudai huduma kwenye mgahawa wa jirani. Mgeni huyo alitoka Kenya, iliyokuwa imetoka tu kupata uhuru.

Mlango wa siasa ulifunguliwa na mahakama. Kwa miaka mingi wilaya za mashambani zilikuwa na viti vingi kuliko watu wake walivyostahili. Mwaka 1964 Mahakama Kuu ya Marekani iliamuru majimbo yagawe viti kwa kufuata idadi ya watu, na mwaka uliofuata Atlanta ikapata viti vipya. Kimoja kilikuwa cha eneo namba 136, lenye wapiga kura wapatao 6,500, karibu wote Weusi.

Bond alikwenda nyumba kwa nyumba akibisha hodi. Hapa ndipo ninapouona ufundi wake: badala ya kuhubiri, aliuliza. Mnataka mwakilishi wenu afanye nini? Majibu yalihusu kipato na makazi, naye akaahidi kupigania mshahara wa chini wa dola 2 kwa saa. Alishinda kwa kura 2,320 dhidi ya 487.

Kisha, siku nne kabla ya kuapa, SNCC ilitoa tamko la kupinga vita vya Vietnam. Mwandishi wa redio akampigia simu: unaliunga mkono? Bond angeweza kukwepa. Alijibu ndiyo, na kwa jibu hilo akakosa kiti.

Wapiga kura wa 136 walimchagua tena Februari. Akakataliwa tena. Novemba wakamchagua mara ya tatu. Miongoni mwa wakazi wa eneo hilo alikuwa Martin Luther King, aliyejiunga naye katika kesi. Mahakama ya chini iliwakatalia kwa kura za majaji wawili dhidi ya mmoja, lakini tarehe 5 Desemba 1966 Mahakama Kuu iliamua kwa kauli moja, hukumu ikiandikwa na Jaji Mkuu Earl Warren: mwakilishi ana uhuru wa kukosoa sera za nchi kama raia mwingine yeyote.

Januari 1967 Bond aliapishwa. Alikaa katika baraza la wawakilishi la Georgia, na baadaye katika seneti ya jimbo, hadi 1987.