Saratani ya Utumbo Ikifika Inini

Mgonjwa wa Mwamapalala, huko Itilima, akiambiwa kwamba saratani ya utumbo mpana imekwisha kufika inini, aghalabu jamaa zake huipokea habari hiyo kama hukumu ya mauti, wakafanya shauri la kumrudisha nyumbani. Ilhali haya ni miongoni mwa maradhi machache ya saratani ambayo, hata baada ya kusambaa, kisu cha mpasuaji chaweza kuyang'oa.

Sababu imo katika maumbile. Damu itokayo utumboni, karibu yote, haiendi moyoni moja kwa moja, bali hupita kwanza katika ini. Na chembe za saratani zikibanduka hufuata njia iyo hiyo, zikanasa humo, hata kwa baadhi ya wagonjwa hazivuki kwenda mahali pengine. Fauka ya hayo, Mwenyezi Mungu amelijalia ini tabia ya ajabu: likikatwa, sehemu iliyosalia hukua ndani ya majuma machache hata ikakaribia ukubwa wa awali. Ini lisilo na ila laweza kupunguzwa likabaki robo au thuluthi, na mwenyewe akaishi.

Tabibu Mfaransa Claude Couinaud, katika mwaka 1957, alibainisha kuwa ini lina vipande 8, kila kimoja na mishipa yake ya damu na njia yake ya nyongo, na kwa elimu hiyo mpasuaji hujua aondoe kipi na aache kipi. Tumbo likishafunguliwa, hulipapasa ini kwa kiganja, kisha huweka kifaa cha altrasaundi juu ya ini lenyewe, akisaka vivimbe vidogo ambavyo picha za awali hazikuvionyesha. Hatari kubwa ni damu. Mwaka 1908 James Hogarth Pringle wa Glasgow alieleza jinsi mishipa iingiayo inini inavyoweza kubanwa yote pamoja kwa vidole. Na hadi leo hubanwa kwa kadiri ya dakika 15, ikaachiwa 5 ini lipate damu, ikabanwa tena.

Katika wagonjwa waliochaguliwa vema, takriban 4 katika kila 10 huwa hai baada ya miaka 5. Wengi hurudiwa na maradhi, na baadhi yao hupasuliwa tena.

Walakini kwetu Kanda ya Ziwa kuna mambo mawili yanayotutatiza. Kichocho cha tumbo na homa ya ini aina ya B huliharibu ini, likawa halistahimili kukatwa sana, kwa hiyo sharti lipimwe kwanza. La pili, linalonihuzunisha zaidi, ni kwamba damu ikionekana chooni husingiziwa kichocho, amiba au bawasiri, na mtu akameza dawa miezi na miezi pasipo kuchunguzwa utumbo kwa kamera, hata saratani ikapata wasaa wa kuhama.

Basi ndugu msomaji, damu isiyokoma baada ya dawa usiivumilie: omba rufaa hospitali ya Bariadi, na kutoka huko hospitali ya Bugando, Mwanza. Na ukiambiwa kwamba saratani imefika inini, kabla hujarudi nyumbani omba picha zako zitazamwe na daktari bingwa wa upasuaji wa ini, akiwa pamoja na bingwa wa saratani.