Gia boksi ya Noah ikichoka mlimani: Yapo ya kupima kabla ya kuishusha

KWA mwenye Noah ya zamani katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, dalili ya kwanza mara nyingi huonekana mlimani. Dereva hukanyaga mafuta, injini ikanguruma kwa nguvu, lakini mwendo wa gari usiongezeke. Siku chache baadaye, asubuhi ya baridi, huweka gia ya D na kulazimika kusubiri sekunde kadhaa kabla gari halijasogea.

Gia boksi ya otomatiki imeanza kuchoka, na kwa mwenye gari huo ni mtihani mkubwa.

Gari la namna hiyo ni mtaji wa familia. Ndilo linalobeba abiria na mizigo kati ya Kayanga, Omurushaka, Nkwenda, Kaisho na Murongo. Ndizi, maharage na kahawa hulitegemea kufika sokoni. Likisimama msimu wa kahawa, ambao kwa kawaida huanza katikati ya mwaka, kipato cha nyumba nacho husimama.

Kutoka Kayanga hadi Bukoba ni zaidi ya kilomita 100, na kulivuta gari bovu umbali huo ni gharama nyingine. Ndiyo maana wapo wamiliki wanaoamua kubadilisha gia boksi wenyewe, uani kwao, kwa msaada wa ndugu na fundi wa jirani.

Kazi hiyo inawezekana. Hata hivyo, yapo makosa mawili yanayoweza kuifanya iwe hasara tupu: kuishusha gia boksi ambayo bado ingetibika, na kuifunga nyingine kabla konveta haijakaa mahali pake.

Kwa nini mlima huichosha

Gia boksi ya otomatiki haina klachi ya kukanyagwa kwa mguu. Kati yake na injini ipo konveta, chombo cha mviringo kilichojaa mafuta. Injini huyazungusha mafuta hayo, nayo mafuta huzungusha upande wa pili ulioungana na gia boksi.

Ndani ya gia boksi ipo pampu inayosukuma mafuta kwa shinikizo, zipo valvu zinazoyaelekeza, na zipo sahani za klachi zinazobana na kuachia ili gia ibadilike. Kwa maneno mengine, mafuta hayo hupitisha nguvu, hubana klachi, hulainisha na hupoza, yote kwa wakati mmoja.

Gari lenye mzigo linapopanda taratibu, upande wa konveta ulioshikamana na injini huzunguka haraka kuliko ule wa gia boksi. Tofauti hiyo ya mwendo hugeuka kuwa joto. Kupanda kutoka bonde la Mto Kagera pale Kyaka hadi nyanda za juu za Karagwe, huku gari limejaa abiria na magunia, ni kuyapika mafuta hayo kila siku.

Mafuta yaliyoungua hupoteza uwezo wake, klachi zikaanza kuteleza. Klachi inayoteleza nayo huzalisha joto jingine, na uharibifu ukaongezeka.

Kinga yake ni rahisi, ingawa hupuuzwa. Kitufe cha O/D kilicho kwenye mkono wa gia huizuia gia boksi kwenda gia ya juu kabisa. Dereva akikizima anapopanda mlima, gia boksi haitahangaika kupanda na kushuka gia kila mara. Anaposhuka, aweke gia ya 2 ili injini isaidie kulishika gari badala ya kuziachia breki kazi yote.

Vipimo kabla ya spana

Kipimo cha kwanza ni mafuta yenyewe. Gari liwe limesimama mahali tambarare, injini imepata moto na inaunguruma, breki ya mkono imevutwa. Mkono wa gia upitishwe taratibu katika kila gia na kurudishwa P, kisha kijiti cha kupimia kichomolewe.

Mafuta yakiwa pungufu, gia boksi huweza kuteleza ingawa ni nzima kabisa. Kinachotakiwa ni kutafuta yanapovujia, kuziba na kujaza. Mafuta mekundu na safi ni dalili njema. Yakiwa ya kahawia iliyokolea na yananuka kuungua, klachi zimeumia, na kubadilisha mafuta pekee hakutazirudishia uhai.

Yakionekana kama maziwa yenye rangi ya waridi, maji yameingia. Katika magari mengi mafuta ya gia boksi hupozwa ndani ya rejeta, na rejeta iliyotoboka kwa ndani huchanganya vitu hivyo viwili. Anayefunga gia boksi nyingine bila kubadilisha rejeta hiyo anaipeleka nayo kaburini.

Kipimo cha pili ni taa. Katika Toyota nyingi za miaka hiyo, taa ya O/D OFF ikimweka yenyewe, kompyuta ya gari imeona hitilafu ya umeme. Huenda ni waya uliokatika au solenoidi, yaani valvu ndogo inayoendeshwa na umeme. Mara nyingi solenoidi hubadilishwa kwa kufungua sampo, yaani karai la chini, bila kuishusha gia boksi.

Kipimo cha tatu kiko ndani ya sampo hilo. Vumbi laini la kijivu kwenye sumaku ni la kawaida. Vipande vya chuma vinavyong'aa au mabaki meusi ya klachi ni hukumu: hiyo ni ya kushushwa.

Si kila Noah ni ya uani

Noah za kwanza, yaani LiteAce Noah na TownAce Noah zilizoanza kutengenezwa mwaka 1996, zina injini chini ya viti vya mbele na gia boksi imelala kwa urefu wa gari, ikipeleka nguvu nyuma kwa propela. Ndivyo ilivyo pia kwa HiAce. Magari ya namna hiyo yanaweza kufanyiwa kazi uani.

Noah iliyoingia sokoni mwaka 2001 huvutwa na magurudumu ya mbele. Gia boksi yake imebanana na injini kwa upande, na kuitoa kunahitaji kuishikilia injini kutoka juu kwa winchi. Kazi hiyo iachiwe gereji yenye vifaa.

Anayetafuta gia boksi ya mtumba, iwe Mwanza, Dar es Salaam au ng'ambo ya Murongo nchini Uganda, aondoke nyumbani na namba. Kibao cha chuma cha utambulisho wa gari huandikwa namba ya gia boksi kwenye mstari wa TRANS/AXLE. Kufanana kwa umbo hakutoshi. Plagi za umeme, urefu, mahali pa boliti na meno ya propela lazima vilingane.

Aidha, ni vyema inunuliwe pamoja na konveta yake, na mafuta yaliyobaki ndani yachunguzwe rangi na harufu. Inayovushwa mpakani itolewe taarifa forodhani, kwa kuwa stakabadhi ya leo huokoa usumbufu wa kesho.

Kuishusha bila kuumiza mtu

Gia boksi ya otomatiki pamoja na konveta huweza kuzidi kilo 60. Hakuna anayepaswa kuipokea kwa kifua.

Gari liegeshwe kwenye sakafu ngumu na tambarare, magurudumu yawekewe vigingi na waya wa betri utolewe. Likishainuliwa, likalishwe juu ya stendi za chuma. Jeki ni ya kuinulia tu, si ya kulalia chini yake. Matofali hupasuka ghafla, na udongo ulionyeshewa hulegea taratibu bila mtu kuona. Kabla ya yeyote kuingia chini, gari lisukumwe kwa nguvu kutoka ubavuni. Likitikisika, lipangwe upya.

Mafuta humwagwa kwanza. Kisha propela hutolewa, ikiwa imewekewa alama ili irudi ilivyokuwa. Hufuata waya, mkono wa gia, mabomba ya kupozea mafuta na stata, na katika baadhi ya magari bomba la ekzosi pia. Kila boliti iwekwe kwenye kopo lake, na kila plagi iandikwe kwenye kipande cha karatasi.

Boliti zinazoishika konveta kwenye sahani ya injini hutolewa kabla ya zile kubwa zinazounganisha gia boksi na injini. Hufikiwa moja moja kupitia upenyo mdogo, huku injini ikizungushwa kwa spana kwenye puli ya mbele.

Baada ya hapo injini hushikiliwa kwa kigogo na jeki isining'inie, gia boksi hufungwa kwa mnyororo kwenye jeki yake, na maunti ya nyuma hufunguliwa. Gia boksi huvutwa nyuma pamoja na konveta, kisha hushushwa polepole.

Kabla ya kupandisha nyingine, sili ya nyuma ya injini na ile ya mbele ya gia boksi zibadilishwe, kwa kuwa baadaye hazitafikika. Sahani ya injini ikaguliwe nyufa. Mabomba na kipozeo vioshwe, la sivyo uchafu wa gia boksi iliyokufa utaingia katika mpya.

Konveta isipokaa

Hapa ndipo gia boksi nzima huvunjwa siku ya kwanza. Konveta ni lazima iingie katika meno ya shafti na kwenye pampu, moja baada ya jingine. Hutiwa mafuta kidogo, husukumwa huku ikizungushwa, nayo huzama kwa hatua hadi ifike mwisho.

Ikikaa vizuri, boliti zake huwa ndani zaidi ya ukingo wa gia boksi. Rula ikiwekwa kukatiza ukingo huo huonyesha kina hicho waziwazi, na kipimo kilinganishwe na cha gia boksi ya zamani.

Gia boksi ikipandishwa, uso wake ugusane na wa injini kwa mkono, na konveta ibaki ikizunguka kwa ulaini. Ikiwa pamebaki upenyo, kosa kubwa ni kuzikaza boliti ili ziivute. Zitaivuta kweli, lakini pampu itapasuka, na kazi ya siku mbili itaishia hapo. Ishushwe tena, ianzwe upya.

Mafuta na majaribio

Aina ya mafuta ni ile iliyoandikwa kwenye kijiti au kitabu cha gari. Baadhi ya Noah za baada ya mwaka 2001 zina gia boksi ya mkanda, inayotumia mafuta yake maalumu. Mafuta ya kawaida ya otomatiki huiharibu.

Gia boksi kavu huhitaji mafuta mengi kuliko yaliyomwagika, kwa sababu sehemu hubaki ndani ya konveta ya zamani. Hujazwa kiasi, injini huwashwa, na mara moja huongezwa mengine huku kijiti kikiangaliwa. Majaribio yaanzie mahali tambarare, bila mzigo, na mlima usubiri hadi mabomba yakaguliwe tena. Mafuta ya zamani yahifadhiwe kwenye dumu, yasimwagwe migombani wala mtoni.

Wapo wanaoona njia ya mkato ni kuligeuza gari kuwa la gia za mkono. Hiyo nayo inadai pedali, mfumo wa klachi, flaiwili na marekebisho ya umeme, hivyo si rahisi kama inavyosikika.

Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa gari la milima ya Karagwe na Kyerwa, ufa huo huonekana mapema kwenye kijiti cha mafuta. Kukichomoa kila wiki hakugharimu hata shilingi moja, na huenda ndiko kutakakomwepusha mwenye gari na kulala chini yake.