KABLA YA KUNUNUA GITAA LA KIKUNDI



Kikundi kimoja cha vijana hapa Fort Ternan kiliuza mayai na mboga miezi mingi, kikanunua gitaa kubwa la kung'aa. Leo limetundikwa ukutani. Nyuzi ziko juu mno. Wasichana waliumia vidole wakaacha. Jasho la watu limekaa bure.

Sisi si wageni wa ala za nyuzi. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi wasichana wa Kipsigis huko Kapkatet wakiimba "Chemirocha". Jina hilo lilitoka kwa Jimmie Rodgers, mpiga gitaa wa Marekani. Lakini wao walisindikizwa na ala yetu ndogo ya kienyeji, na sauti zao hazikufunikwa. Hata sisi tunatafuta gitaa la kusindikiza.

Chagueni lenye mwili mdogo, linalokaa vizuri mapajani. Kwa jumuiya ndogo ndogo linatosha. Kanisa likijaa na ngoma zikilia, litahitaji maikrofoni.

Chagueni pia lenye nyuzi fupi. Pima kutoka kijiti cha juu ya shingo hadi kile cha chini kinachobeba nyuzi. Magitaa mengi makubwa ni kama sentimita 65. Fupi ni 63 au pungufu. Nyuzi huwa laini, na vidole havinyooshwi sana.

Mahogani hutoa sauti ya upole. Lakini angalieni ukingo wa tundu: mkiona tabaka tabaka, hiyo ni plaiwudi iliyovikwa ngozi ya mahogani. Si dhambi, maana plaiwudi huvumilia mvua na kiangazi. Ila msilipe bei ya mbao nzima.

Kabla ya kulipa:

1. Chungulia shingo kama fundi anavyochungulia mbao. Isiwe imepinda.
2. Kwenye kichuma cha 12 cha shingo, uzi usiinuke zaidi ya milimita 3.
3. Ingiza karatasi nyuma ya kibao kinachoshika nyuzi. Ikipita chini yake, kibao kinang'oka. Liacheni.
4. Uliza ni la nyuzi za nailoni au za chuma. Ukifunga chuma kwenye gitaa la nailoni, utaling'oa.
5. Nendeni na yule msichana mwenye vidole vidogo zaidi, alipige yeye mwenyewe. Akishindwa, msinunue.

Mweka hazina adai risiti. Na gitaa lisitundikwe juu ya jiko wala chini ya mabati yanayovuja. Liwe mikononi mwa wanaojifunza.